Alisema Si Mbaya Sana

Niliingia kazini katika nyumba ile miaka michache baada ya vita kuu ya pili, Elisabethville ilipokuwa bado mji wa Wabelgiji, na sisi tukikaa upande wetu, cité, mtaa wa weusi, tukirudi huko kila jioni kwa miguu au kwa baiskeli. Nilikuwa nimewapikia Waingereza mjini Ndola miaka minne, kwa hiyo Kiingereza nilikisikia vizuri na kukisoma kidogo. Ndiyo sababu kampuni moja ya kuchimba ilinichukua haraka. Ilikuwa na wazungu wawili katika nyumba moja, wote hawana wake, wote Kifaransa kimewashinda. Mmoja alikuwa Mwingereza, fundi wa pampu za kutoa maji mgodini, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama. Wa pili alikuwa Mmarekani, fundi wa mashine za kutoboa ardhi, mnene, mwenye sauti iliyofika barabarani.

Siku ya kwanza mke wangu aliniuliza wazungu wangu wakoje. Nikamwambia ni kama ndugu, lugha yao ni moja. Nilikosea, na ilinichukua muda mrefu kujua nilikosea wapi.

Nakumbuka mvua ya kwanza ya msimu ule. Ilikuja saa kumi ya mchana na upepo mkali, wao wakiwa mezani kwa sababu kazi ilikuwa imesimama. Upepo ukashika mabati ya paa juu ya chumba cha kulia, ukayakunja kama mtu anavyokunja ukurasa, na maji yakaanza kutumwagikia. Mmarekani aliruka juu ya kiti. Akasema tumekwisha, tumezama, niende kwa maaskofu nikaulize kama safina bado ina nafasi. Akasema kwao aliwahi kuona mvua iliyobeba mji mzima ikauweka wilaya nyingine, na posta ikaendelea kugawa barua njiani, lakini hata ile haikufikia hii. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwingereza hakuinuka. Maji yalimwangukia kichwani na kwenye sahani. Alikoroga supu yake polepole, akaitazama.

"Nadhani kuna unyevu kidogo humu ndani," akaniambia.

Mimi nikakimbia jikoni kuleta kitambaa, kwa sababu nilisikia unyevu kidogo. Niliporudi na kitambaa mkononi, Mmarekani alicheka upya, safari hii akinicheka mimi. Mwingereza alikipokea kitambaa, akasema asante, akafuta mahali padogo mbele yake, padogo kama kiganja, kisha akakirudisha. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilimaliza kukausha nyumba saa kumi na mbili, na nikiwa njiani kwenda nyumbani ndipo nilipoelewa, nikacheka peke yangu juu ya baiskeli.

Tangu hapo nilianza kuwasikiliza kwa makini. Mmarekani alikuza kila kitu. Ng'ombe wa baba yake alikuwa mrefu hata aliyekwenda kumkamua alipanda ngazi na kubeba chakula cha njiani. Alicheka kabla hujafika mwisho wa hadithi, ili ujue mwisho unakuja, na alitaka kila mtu acheke naye, hata mimi niliyesimama na sinia. Mwingereza yeye alipunguza. Jambo likiwa kubwa, alilifanya dogo. Likiwa baya, alilisifu. Nilipounguza nyama mpaka ikawa makaa, aliikata, akaitafuna muda mrefu, akasema ng'ombe huyu sasa ameadhibiwa vya kutosha. Kisha akaila yote. Hukujua kama amekutania mpaka alipokwisha kuondoka chumbani.

Lakini walifanana pia. Wote wawili walimwiga mkuu wao wa kazi anavyopanda baiskeli akiogopa kuchafua suruali nyeupe. Wote walitukanana mchana kutwa, na hakuna aliyekubali mtu wa tatu amtukane mwenzake. Mmarekani alipopata malaria alilia sana, akasema anakufa, akagawa viatu vyake, akaniachia mimi kofia. Mwingereza alikaa kando ya kitanda chake siku tatu, akisoma gazeti la zamani. Homa ilipopungua, Mmarekani alimwuliza kwa nini amekaa pale muda wote.

"Nilikuwa nangojea viatu," Mwingereza akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni na chai. Nilimwona Mmarekani akicheka, na nilimwona Mwingereza akigeukia dirisha kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Mmarekani hakuliona hilo.

Siku moja ya Jumapili walialika wazungu wenzao, na mimi nikakosea. Nilitia chumvi kwenye pudini mahali pa sukari. Mmarekani aliniita mbele ya wageni. Akanisimamisha, akasema huyu ndiye mpishi aliyegundua mgodi mpya wa chumvi, na kwamba Wabelgiji wanakuja kesho kumnyang'anya. Akaniambia nionje. Nikaonja. Wote wakacheka, nami nikacheka pia, kile kicheko tulichokuwa nacho sisi wa jikoni, cha meno tu. Sidhani alitaka kuniumiza. Kwake kucheka pamoja kulikuwa kama kula pamoja. Lakini nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na nilisimama pale na kijiko mdomoni.

Mwingereza hakucheka. Wageni walipoondoka nilimsikia akimwambia mwenzake, "Ilichekesha sana."

Alisema kwa sauti ya chini, baridi. Mimi nilielewa alichosema, yaani usirudie tena. Mmarekani alifurahi. Jumapili iliyofuata aliisimulia hadithi ya chumvi tena kwa wageni wengine, akaongeza kwamba Mwingereza mwenyewe, mtu asiyecheka, alikiri kuwa inachekesha.

Nilimsimulia mke wangu. Yeye ni mtu wa upande wa Mokambo, na kwao koo zinataniana. Mtani wako anaweza kukutukana msibani kwako, akaiba kuku wako, akalala kwenye jeneza la baba yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kazi yake ni kukufanya ucheke wakati moyo umefungwa. Akanisikiliza akimenya muhogo, kisha akauliza, "Na ule Muingereza, mutani yake ni nani?"

"Hana," nikamwambia. "Ao pengine ni ule Mumarekani, lakini hamusikiake, haelewe maneno yake."

"Njo maana anajitania ye mwenyewe," akasema. "Ni mubaya, kujitania peke yako."

Nilikumbuka maneno hayo ilipokuja barua. Barua za Mwingereza zilikuja kwa treni ya kusini, na hiyo ilifika wakati wa chakula cha asubuhi. Aliisoma mezani, akaikunja, akaendelea kupaka siagi kwenye mkate. Mmarekani akamwuliza kama ni habari njema.

"Ndugu yangu amepata likizo ndefu," akasema.

"Ana bahati," Mmarekani akajibu.

"Ndiyo. Alikuwa ameiomba muda mrefu."

Juma zima alikuwa mcheshi kuliko siku zote. Alinitania mimi, akamtania mtu wa bustani, akautania hata mti wa papai uliokataa kuzaa. Nilipofagia chumba chake niliona bahasha ile kwenye kikapu cha taka, yenye ukingo mweusi, ile wazungu waliyotumia kupeleka habari ya kifo. Nikaelewa kwamba ndugu yake amekufa baada ya kuugua sana, na kwamba mtu huyu akizidi kutania ujue anaumia. Sikumwambia yeyote, ila mke wangu. Nilijiona nimepewa siri, na niliona fahari kidogo kuwa nayo. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Halafu ikaja ile Ijumaa.

Asubuhi Mwingereza hakwenda kazini. Alikuwa amelala amejikunja, magoti karibu na kifua, jasho usoni. Nilimpelekea chai, akaitazama, akasema nimshukuru mpishi lakini tumbo lake limegoma kazi, na yeye hapendi kuingilia mgomo. Nikamwuliza linauma wapi. Akaonyesha upande wa kulia, chini. Akasema ni jambo dogo, linamkumbusha tu kwamba ana tumbo.

Mchana Mmarekani alirudi kuchukua vitu vyake. Alikuwa na safari ya kwenda upande wa Mokambo, ambako mashine yao ya kutoboa ilikuwa imekwama, na angekaa huko siku nne. Gari la nyumba lilikuwa moja tu, lile alilokuwa anakwenda nalo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mwenzake na kofia mkononi. Mimi nilikuwa ndani, nabadilisha shuka.

"Unaendeleaje? Sema kweli."

"Si mbaya sana."

"Naweza kungoja mpaka kesho. Tukupitishe kwa daktari."

"Upoteze siku nzima kwa ajili ya tumbo langu? Mashine yako itakulilia."

"Kweli?"

"Nenda. Nikifa nitakuandikia."

Mmarekani alicheka. Alicheka kwa nguvu, akapiga fremu ya mlango kwa kiganja, akasema barua hiyo ataiweka kwenye fremu aitundike ukutani. Mwingereza naye alitabasamu, na hilo lilinitisha, kwa kuwa alikuwa mtu asiyetabasamu anapotania. Midomo yake ilikuwa myeupe.

Nilimfuata Mmarekani mpaka kwenye gari, nimebeba sanduku lake. Nikasema, "Bwana, ule bwana anaumwa sana."

"Amesema si mbaya sana."

"Ndiyo, bwana, lakini..."

"Lakini nini?"

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kumwambia kwamba kwa mtu huyu neno si mbaya sana maana yake ni mbaya sana, kwamba unyevu kidogo ni paa limeondoka, kwamba likizo ya ndugu yake ilikuwa kaburi. Lakini ningesemaje? Mimi mpishi nimweleze mzungu maana ya Kiingereza? Nimwambie kwamba nimesoma kikapu cha taka cha bwana wangu? Alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya usukani, mguu mmoja bado nje, ananitazama kwa upole. Angenisikiliza. Ndivyo ninavyofikiri sasa.

"Hapana, bwana," nikasema. "Safari njema."

Akaondoka.

Jumamosi Mwingereza aliniambia amepata nafuu. Maumivu yalikuwa yamekatika ghafla alfajiri. Nilifurahi, nikampikia uji. Hakuunywa. Adhuhuri tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao na mwili wake wa moto, naye akaniambia kwamba nyumba ina joto zuri leo. Nikachukua baiskeli nikaenda kwenye hospitali ya Wazungu. Mlangoni waliniuliza barua ya bwana wangu iko wapi. Nikasema bwana hawezi kuandika, anaumwa. Wakasema kama anaweza kunituma, anaweza kuandika. Hapakuwa na ubaya katika sauti zao. Ndiyo ilivyokuwa kwa kila mtu mweusi aliyekuja bila karatasi.

Nikarudi. Nikamwinua, nikamwekea kitabu chini ya karatasi, nikamshikia mkono. Aliandika mstari mmoja na nusu, akachoka. Sikuusoma mpaka nilipofika njiani. Ulisema: *Mpishi wangu anasema mimi ni mgonjwa. Kwa kawaida hakosei, isipokuwa kwenye nyama.*

Nilisimama na baiskeli pembeni ya barabara, karatasi mkononi. Nilitaka kuichana. Nilifikiri kurudi nimwambie, bwana, usitanie leo, waandikie kwamba unakufa. Lakini jua lilikuwa limeanza kushuka, na nilijua hataandika tofauti. Pengine hakujua kuandika tofauti. Nikaipeleka.

Daktari alijua Kiingereza. Alikuwa mezani nyumbani kwake, na karatasi ilipelekwa kwake huko mimi nikingojea kwenye ngazi za nyuma. Nilimsikia akimsomea mke wake, na wote wawili wakacheka, cheko dogo, la kupenda. Akamwambia mtumishi anijulishe kwamba anakuja baada ya kahawa. Hakuchelewa kwa ubaya. Mtu anayeandika vile, nani angedhani anakufa?

Alipofika na kumgusa tumbo, uso wake ulibadilika. Aliniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu jana asubuhi. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia.

Walimpasua jioni ile. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na uchafu umeenea. Aliishi mpaka Jumanne asubuhi. Sikuruhusiwa kuingia wodini, lakini muuguzi mmoja mweusi, mtu wa Kasai niliyekuwa nasali naye kanisa moja, aliniambia kwamba mwisho alikuwa akizungumza taratibu, kwa adabu, akiwaomba radhi kwa usumbufu. Nilimwuliza kama alitania. Akasema hapana, siku ya mwisho hakutania. Alimwita mama yake.

Mmarekani alirudi usiku wa kuamkia maziko, baada ya watu kumfuata Mokambo. Asubuhi nilimkuta jikoni, mahali ambapo wazungu hawakai, amekaa kwenye kiti changu.

"Alisema si mbaya sana," akaniambia.

"Ndiyo, bwana."

"Nilimwuliza mara mbili. Nilimwambia aseme kweli."

"Alisema kweli, bwana. Alisema kwa namna yake."

Akainua macho. Kisha akasema, "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na pale kwenye gari ulitaka kuniambia."

"Ndiyo, bwana."

Nilingoja anipige au anifukuze. Ningeona afadhali. Hakufanya lolote. Aliinamisha kichwa juu ya meza yangu ya kukatia mboga akalia kwa sauti, kama alivyocheka, bila kuficha kitu. Nami nilisimama kando yake sijui mikono yangu niiweke wapi. Mwisho niliuweka mmoja begani kwake. Hakuna aliyeniona, na yeye hakuutoa mkono.

Maziko yalikuwa kwenye makaburi ya Wazungu. Sisi weusi tulisimama nyuma, kwenye njia, mimi na mke wangu na mtu wa bustani. Hapakuwa na ndugu yake hata mmoja. Mkuu wa kazi alisoma karatasi, padri akasali, ingawa marehemu hakuwa Mkatoliki, na wote walikuwa kimya wametazama viatu vyao. Mke wangu alikuwa akitikisa kichwa. Akaninong'oneza, "Watu gani awa? Hakuna hata mumoja wa kumusemesha?"

Kisha akasema yeye, kwa sauti ya chini, akitazama upande wa kaburi, "We muvivu. Benzako bako ku kazi, we umelala muchana. Amuka, pampu zimejaa maji."

Ni hivyo mtani anavyosema kwao. Mtu wa bustani aliziba mdomo. Mimi nilicheka, sikuweza kujizuia, na katikati ya kicheko nikalia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu baba yangu afe. Mzungu mmoja aligeuka akatutazama kwa hasira. Mmarekani naye aligeuka, akaniuliza kwa macho. Baadaye njiani nilimfasiria maneno ya mke wangu. Akamwendea, akavua kofia, akamwambia asante mama, kwa Kiswahili. Mke wangu aliitikia kwa kupiga makofi taratibu, kama kwao wanavyopokea shukrani.

Baada ya hapo Mmarekani hakusimulia hadithi tena. Wageni walikuja Jumapili mbili tatu, wakamngoja aanze, hakuanza, wakaacha kuja. Alianza tabia ya kuniuliza kila asubuhi habari za nyumbani kwangu, na nikijibu nzuri, aliuliza tena, "Nzuri kweli?" Nilichoka na swali hilo, lakini nilimjibu kila mara kwa urefu, mtoto ana kikohozi, mke anaumwa mgongo, dari inavuja, mpaka aliporidhika. Miezi michache baadaye aliomba kuondoka. Nilimsindikiza kwenye treni ya kusini. Alinyoosha mkono dirishani, akanishika wangu. Sikupata habari zake tena.

Kampuni iliipa nyumba ile familia ya Wabelgiji, mume na mke na binti mdogo, nami nikabaki na jiko langu. Mama huyo alisema chumba cha nyuma, kilichokuwa cha Mwingereza, kina giza, akanunua rangi ya manjano. Mtu wa kupaka rangi hakuja siku mbili mfululizo, basi akaniomba mimi. Nilitoa kitanda nje, nikafagia, nikaziba matundu ya misumari kwa chokaa. Nilipaka ukuta wa dirishani kwanza, halafu kuta nyingine. Adhuhuri binti yao alikuja mlangoni, akaniuliza ni nani aliyekuwa akilala humu. Nikamwambia ni fundi wa pampu. Akauliza amekwenda wapi. Nikamwambia amekufa. Aliitikia kwa kichwa, akasimama akinitazama nikipaka mpaka mama yake alipomwita kula.